Chemchemi ya mtungi bustanini: jinsi ya kuijenga na kuitunza idumu

Chemchemi nyingi za kujijengea nyumbani hufuata njia moja. Wiki ya kwanza maji yanabubujika vizuri, wiki ya tatu yamegeuka kijani, mwezi wa pili pampu imeungua. Lawama zote huenda kwa pampu ya bei nafuu. Kosa lenyewe huwa chini ya mtungi: chombo cha maji ni kidogo, hakuna pa kuingiza mkono, na maji yanayoruka nje hayapati njia ya kurudi.

Mtungi ndio unaoonekana, lakini pipa lililozikwa chini yake ndilo chemchemi yenyewe. Kwa hiyo tunaanzia chini. Chemchemi hii haina bwawa la wazi: maji hupanda ndani ya mtungi, hufurika mdomoni, huteremka kwenye mawe na kurudi pipani. Nyumba yenye watoto wadogo haitakuwa na dimbwi la kuogopa, na pampu inapowaka mbu hawapati uso wa maji uliotulia.

## Vitu vya kutafuta kabla ya kushika chepe

Vipimo hivi vimepangwa vikubaliane. Ukibadilisha kimoja, piga hesabu upya kwa vingine.

- Mtungi au chungu kirefu cha zege, kimo sm 70, mdomo usiozidi sm 20, kitako bapa chenye upana wa sm 28 hivi.
- Pipa la plastiki la lita 200, lile la buluu lenye kipenyo cha sm 58. Chukua lililobeba juisi au mafuta ya kula. Lililobeba dawa za kiwandani liache hata ukipewa bure.
- Matofali 2 ya simenti ya inchi 6, yenye urefu wa sm 45.
- Simenti kilo 7 na mchanga ndoo 2 za lita 20.
- Plastiki nzito nyeusi ya kutandikia mabwawa ya samaki, mita 2 kwa 2, unene usiopungua mm 0.5.
- Nondo za mm 12, vipande 4 vya mita 1, na wavu wa chuma uliochomelewa wa mita 1 kwa 1, matundu ya sm 5.
- Wavu wa plastiki wa madirishani, mita 1.5.
- Pampu ya kuzama majini ya lita 2,000 kwa saa, inayopandisha maji angalau mita 2, upana usiozidi sm 12, waya wake mita 5 au zaidi.
- Bomba la PVC la inchi 3/4, mita 1, pamoja na kiungio cha tangi cha inchi 3/4 chenye raba mbili. Mafundi bomba hukiita tenki konekta.
- Mpira laini wa inchi 3/4, mita 1.5, klipu 4 na koki moja.
- Rangi ya lami lita 1, rangi ya kuzuia kutu, utepe mweupe wa nyuzi za bomba.
- Mawe ya mviringo ya sm 5 hadi 8, ndoo 5 za lita 20.
- Pimamaji, futi ya kupimia, drili na msumeno wa tundu wa mm 28 wa kutobolea vigae.

Mitungi yetu ya asili ina kitako cha duara kwa sababu ilifinyangwa ikae juu ya kata au mchangani. Ni mizuri kuitazama, lakini kazi hii haiiwezi. Ikijaa maji hukaa upande, na siku moja itayumba. Tafuta chenye kitako bapa hata kama sura yake haikukuvutia sana.

Kabla ya kulipa, gonga mtungi kwa kifundo cha kidole pande zote. Mzima hulia kwa sauti kali, na wenye ufa hutoa sauti butu kama ubao.

### Kusoma karatasi ya pampu

Hapa ndipo wengi hununua kitu kisichofaa. Lita 2,000 kwa saa ni kiasi kinachotoka pampu ikiwa haipandishi maji hata kidogo. Kila maji yanapopanda, kiasi hupungua, na kwenye kimo cha mwisho kilichoandikwa hakitoki hata tone. Pampu ya mita 2 ukiitaka ipandishe mita 1 itakupa karibu nusu, yaani lita 1,000 hivi kwa saa. Kimo kinapimwa kutoka uso wa maji pipani hadi mdomo wa mtungi, na kwa vipimo vyetu ni sm 80 hadi mita 1.

Pima mwenyewe kabla ya kujenga. Funga mpira kwenye pampu, inua ncha yake mita 1 juu ya maji, ujaze ndoo ya lita 20. Ikijaa kwa sekunde 72, una lita 1,000 kwa saa. Ikizidi dakika 2, rudisha pampu dukani mapema, maana mdomo wa sm 20 hautapata maji ya kuuzunguka.

## Hatua ya 1: Chagua mahali

Kaa mbali na miti inayopukutisha majani. Mwarobaini na mwembe hupendeza kwa kivuli, lakini majani na maua yake huziba pampu na kulisha ukungu wa kijani. Kivuli cha ukuta mchana ni bora kuliko cha mti.

Epuka pia pembe inayopigwa na upepo. Ukanda wa pwani, kaskazi ya Desemba hadi Februari hupeperusha maji yanayoteremka hadi nje ya mawe, na hayo hayarudi tena.

Mahali pasiwe bondeni, la sivyo matope ya masika yataingia pipani. Hakikisha waya wa pampu unafika kwenye soketi bila kuungwa.

## Hatua ya 2: Kata pipa na uchimbe shimo

Kata pipa sm 45 kutoka chini. Kimo hicho kimefuata urefu wa tofali: tofali likisimama, kichwa chake kitalingana na ukingo wa pipa. Lainisha ukingo kwa msasa ili usichane plastiki. Osha kwa sabuni mara mbili, kisha nusa. Kama bado lina harufu ya mafuta, osha tena, kwa sababu mafuta hutengeneza povu.

Chimba shimo la kipenyo cha sm 65, kina sm 55. Tandaza mchanga sm 2 chini, shindilia, weka pipa, pima usawa kwa pimamaji pande mbili. Ukingo wa pipa sasa uko sm 8 chini ya uso wa ardhi. Jaza mchanga pembeni kidogo kidogo huku ukimimina maji ushuke.

Halafu chonga ardhi inayolizunguka pipa iwe kama sahani, kipenyo mita 1.4, ikiteremka kutoka ukingo wa nje hadi kwenye pipa. Upana huu una sababu: matone huruka mbali kadiri mtungi ulivyo mrefu, hivyo sahani inatakiwa iwe na upana mara mbili ya kimo cha mtungi. Ukiibana iwe sm 80 kwa kuokoa nafasi, utaongeza maji kila siku.

## Hatua ya 3: Simamisha matofali

Changanya simenti kipimo 1 na mchanga vipimo 3, mimina ndani ya pipa unene wa sm 5. Rojo likiwa bado bichi, simamisha matofali mawili wima hadi yaguse sakafu ya pipa, yakiachana sm 12. Pimamaji lilale juu ya yote mawili bila kucheza.

Ule uwazi wa sm 12 ndimo mpira utakamopita kutoka kitako cha mtungi. Ukiyabana matofali pamoja, hutakuwa na njia ya mpira wala nafasi ya mkono kukaza nati.

Acha siku 3 huku ukinyunyizia maji. Usiharakishe hapa. Mtungi ukijaa hukaribia kilo 90, na uzito wote huo hukaa juu ya matofali haya mawili. Ukibebeshwa wavu, wavu hupinda mwezi wa pili, mtungi hulala upande, na maji humwagika nje usiku kucha.

Baada ya siku 3, yasukume matofali kwa mkono. Yasitikisike hata kidogo. Jaza maji pipani, yaache siku nzima, yamwage, rudia. Maji ya kwanza yatakuwa meupe kwa chokaa ya simenti, na chokaa hiyo ikipita kwenye pampu hujenga gamba.

## Hatua ya 4: Toboa na uzibe mtungi

Loweka mtungi wa udongo usiku kucha. Udongo mkavu hupata joto chini ya msumeno na kupasuka. Kesho yake ulaze juu ya gunia lililokunjwa, bandika utepe wa karatasi katikati ya kitako, toboa kutoka nje kuelekea ndani. Drili iwe kwenye mzunguko wa kawaida, mwendo wa chini. Ile swichi yenye alama ya nyundo usiiguse, maana ndiyo inayopasua mitungi mingi kuliko kitu kingine. Mimina maji kidogo kidogo kwenye tundu. Umeme na maji vimekutana hapo, kwa hiyo kopo la maji alishike mtu mwingine na drili ikae kavu.

Punguza mkandamizo unapokaribia kutokea upande wa pili, usije ukamega kipande kikubwa ndani.

Mtungi ukikauka kabisa, jua kali siku 2, upake ndani rangi ya lami mikono miwili, saa 24 kati ya mkono na mkono. Udongo usiopakwa hupitisha unyevu, na ndiyo sababu mtungi wa jikoni hupooza maji. Kwenye chemchemi unyevu huo hupoteza maji na kuacha chumvi nyeupe nje. Chungu cha zege nacho kipakwe. Rangi hii ni kwa chemchemi isiyo na samaki.

Funga kiungio cha tangi: raba moja ndani, moja nje, nati ikazwe kwa mkono na robo mzunguko tu kwa spana. Ukikaza kwa nguvu zako zote udongo utalia mara moja, na hapo mtungi umekwisha.

Ndani simamisha bomba la PVC hadi sm 4 chini ya mdomo. Zingatia kipimo hiki. Umeme unapokatika, maji ya mtungi hurudi chini kupitia pampu hadi usawa wa ncha ya bomba. Bomba likiishia kitakoni, mtungi wote, lita 50 na zaidi, utaingia pipani na kufurika uani. Likifika karibu na mdomo, kinachorudi ni zile sm 4 za juu peke yake.

Weka mtungi juu ya matofali mengine, ziba kwa muda sehemu ya chini ya kiungio, ujaze, usubiri saa 12. Kitako kikibaki kikavu na uso wa maji ukiwa palepale, endelea. Kukiwa na tone, fungua, safisha raba, funga upya sasa hivi. Baada ya kupanga mawe kazi hiyohiyo itakumeza siku nzima.

## Hatua ya 5: Plastiki na wavu

Tandaza plastiki juu ya sahani na pipa. Katikati kata duara la sm 40 tu, ingawa pipa lina sm 58. Chana kingo kwa mistari mifupi ya sm 8 kuzunguka duara, kisha kunja vipande hivyo viingie ndani ya pipa. Ukikata duara la sm 58, maji yatapita kati ya plastiki na pipa, yaingie ardhini, nawe utatafuta ufa usiokuwepo.

Ukingo wa nje wa plastiki upandishe sm 5 juu ya ardhi kwa kuuegemeza kwenye mstari wa mawe. Huo ndio utakaozuia maji ya mvua yasiingie na uchafu wa uani.

Paka nondo na wavu rangi ya kuzuia kutu mikono miwili. Laza nondo mbili kila upande wa matofali, na chini ya kila ncha weka kipande cha plastiki iliyobaki ili chuma kisitoboe. Juu yake laza wavu wa chuma uliokatwa tundu la sm 32 katikati kwa ajili ya kitako cha mtungi.

Sasa kata mlango. Upande ule ambako uwazi wa matofali unatazama ukuta wa pipa kuna nafasi ya sm 18, na hapo ndipo pampu itakaa. Juu yake kata wavu sm 20 kwa 30, funga kipande hicho kwa waya upande mmoja kiwe kifuniko. Asiye na mlango huu hulazimika kuondoa mawe yote kila mwezi, na baada ya mara mbili huacha kusafisha. Pampu yake haimalizi mwaka.

## Hatua ya 6: Panga mtungi, mpira na pampu

Funga mpira kwenye kiungio cha chini kwa klipu, halafu ndipo wawili mnyanyue mtungi na kuutua juu ya matofali, mpira ukishuka katikati. Weka koki kati ya mpira na pampu, mahali mkono unapofika kupitia mlangoni. Kuibana koki upande wa kutokea maji hakuiumizi pampu. Kubana upande wa kuingilia maji huiua.

Iweke pampu juu ya kipande cha kigae, isikae kwenye tope linalotuama chini. Waya wake upite pembeni mwa wavu ukiwa na ziada ya nusu mita ndani, ili uweze kuitoa pampu nje bila kuvuta.

Usiibebe wala kuivuta pampu kwa waya. Hapo waya unapoingia kwenye pampu ndipo maji hupenya.

### Mdomo uwe sawa

Laza pimamaji mdomoni kuelekea nyumba, kisha liligeuze. Tofauti ya mm 3 inatosha kuyapeleka maji yote upande mmoja. Sukuma vipande vyembamba vya plastiki ngumu chini ya kitako hadi usawa upatikane. Vipande vya mbao huoza.

Jaribio la mwisho ni maji yenyewe. Funga koki ili maji yasirudi pipani kupitia bomba, jaza mtungi polepole kwa kopo na utazame yanaanzia wapi kumwagika. Mitungi iliyofinyangwa kwa mkono mara nyingi ina mdomo wenye mawimbi. Palipoinuka pasugue kwa msasa wa mawe, kidogo, ujaribu tena. Umepatia pale maji yanapojikusanya juu ya ukingo kama kuba ndogo inayotetemeka, halafu yanashuka pande zote kwa pamoja bila kuacha mstari mkavu.

## Hatua ya 7: Umeme

Kama hujui kazi ya umeme, mwite fundi umeme kwa hatua hii moja. Mambo matatu mwambie hayana mjadala.

Kwanza, soketi ipite kwenye swichi inayokata yenyewe umeme unapovuja, ya miliampia 30, ambayo mafundi huijua kwa jina la RCD. Sakitibreka ya kawaida hailindi mtu, inalinda waya. Mkono wako ukiwa majini na pampu imepasuka, RCD ndiyo itakayokutoa salama. Bonyeza kitufe chake cha majaribio kila mwezi. Isiporuka, ibadilishwe.

Pili, soketi iwe juu ya ardhi, ndani ya kisanduku kisichoingiza mvua, angalau mita 2 kutoka kwenye maji. Waya ushuke chini ya usawa wa soketi kwanza, ndipo upande kuingia, ili tone linalotembea juu ya waya lidondoke kabla ya kufika.

Tatu, hakuna kuunga waya ndani ya pipa wala chini ya mawe. Waya unaovuka bustani upite ndani ya bomba la plastiki, kina cha sm 45, usikutane na jembe. Kwenye plagi ya pini tatu toa fyuzi ya ampia 13, weka ya 3.

Pampu ya wati 35 ikiwashwa saa 8 kwa siku inakula uniti 0.28, yaani uniti 8.4 kwa mwezi wa siku 30. Sola ndogo nayo inafaa, lakini pampu yake husimama wingu linapopita, na nguvu yake mara nyingi haifiki mita 1. Kwa mtungi huu umeme wa nyumbani ni bora.

## Hatua ya 8: Jaza na uwashe

Jaza mtungi kwanza, kisha pipa hadi sm 8 chini ya ukingo. Ukitoa nafasi ya matofali na simenti, pipani mna lita 63 hivi. Zile sm 8 ni nafasi ya lita 16 za kupokea maji yanayorudi umeme unapozimika.

Pampu inahitaji maji ya sm 10 juu ya sakafu ya simenti, karibu lita 20. Kwa hiyo unazo lita 43 za kutumia. Jua likiwa kali, chemchemi ya ukubwa huu inaweza kupoteza lita 6 hadi 10 kwa siku, nazo zitakufikisha siku 4 hadi 7. Beseni la lita 20 lingekauka siku ya pili, na pampu ingezunguka kwenye hewa. Maji ndiyo yanayoipoza na kuilainisha.

Maji ya mvua ndiyo bora. Ya bomba yanafaa. Ya kisima cha chumvi, yaliyojaa katika maeneo mengi ya pwani, huacha magamba meupe mtungini ndani ya wiki. Kama huna mengine, jiandae kubadilisha mara kwa mara.

Washa. Fungua koki polepole hadi maji yafunike mdomo wote, uache hapo. Yakirukaruka, punguza. Sauti inayotakiwa ni ya maji tu. Ukisikia mgugumo, pampu inanyonya hewa. Ukisikia mvumo bila maji, gurudumu lake la ndani linalosukuma maji limekwama au kuna hewa ndani, zima mara moja.

Tandaza wavu wa plastiki juu ya wavu wa chuma, uzunguke kitako vizuri, kisha panga mawe. Yaoshe kabla, kila ndoo mpaka maji yatoke safi. Juu ya mlango weka mawe machache makubwa unayoyakumbuka.

## Matunzo

Kila siku 3, ingiza kijiti kupitia mlangoni upime maji. Kiwekee alama mbili kwa kisu: ya juu kwa kujaa, ya chini kwa hatari. Kazi nzima ni nusu dakika, nayo ndiyo inayookoa pampu nyingi zaidi.

Kila wiki, okota majani na usuuze wavu wa plastiki. Ukiziba, maji hupita juu ya mawe kwenda nje.

Kila mwezi, chomoa plagi, kisha ndipo uingize mkono. Toa pampu, fungua kifuniko cha mbele, vuta gurudumu. Litakuja na sumaku yake na kijiti chembamba cheupe katikati. Kijiti hicho ni kauri na huvunjika kama chaki, hivyo vuta wima. Sugua tundu na mabawa kwa mswaki wa zamani, suuza, rudisha. Ukilizungusha kwa kidole, lizunguke kirahisi, kwa kukwamakwama kidogo kunakotokana na sumaku. Ndivyo linavyotakiwa.

Pakiwa na gamba jeupe, loweka pampu kwenye siki na maji nusu kwa nusu kwa dakika 45.

Kila miezi 2, mwaga maji yote, yape miti, uteke tope kwa kopo. Sugua kuta za pipa na mdomo wa mtungi kwa brashi ngumu, hasa pale usawa wa maji ulipokuwa ukiishia. Mbu aina ya Aedes, anayeeneza dengi, hubandika mayai ukutani juu kidogo ya maji, na mayai hayo hukaa makavu kwa miezi kisha yakaanguliwa maji yanaporudi. Kumwaga maji bila kusugua hakumwondoi. Dar es Salaam ilipata milipuko ya dengi mwaka 2014 na 2019, na vyombo vya majumbani ni miongoni mwa mazalia ya mbu huyu.

### Maji ya kijani

Yanatokana na jua na uchafu unaooza. Badilisha maji, ongeza kivuli, toa majani. Baada ya hapo tia kijiko kikubwa kimoja cha jiki isiyo na harufu ya maua, ml 15, kwa lita 120 zilizomo mtungini na pipani, jioni, pampu ikiwaka usiku huo. Kama kuna samaki au mimea ya majini, usiitie kabisa.

Jiki na siki zisikutane kamwe. Zikichanganyika hutoa gesi ya klorini inayochoma mapafu. Ukitumia siki, suuza pampu kwa maji mengi kabla ya kuirudisha.

## Ikigoma

Maji yanapungua upesi. Zima pampu jioni, subiri dakika 10, piga alama kwenye ukuta wa pipa, angalia baada ya saa 24. Maji yakishuka zaidi ya sm 1 chini ya alama pampu ikiwa imezimwa, pipa linavuja. Maji yakibaki kwenye alama, upotevu hutokea pampu ikiwaka: punguza koki, au tafuta mahali ukingo wa plastiki ulipolala.

Maji yanatoka kidogo kuliko mwanzo. Safisha gurudumu, kisha mpira. Mpira uliokunjika kati ya matofali huonekana mara nyingi baada ya mtungi kusogezwa.

Pampu inavuma, maji hayatoki. Kuna hewa ndani. Chomoa plagi, itikise ikiwa imezama, isubiri dakika moja, washa. Ikirudia, kijiti cha kauri kimevunjika. Baadhi ya maduka ya pampu na vifaa vya samaki huuza gurudumu peke yake, uliza kabla ya kununua pampu nzima.

RCD inaruka kila unapowasha. Chomoa pampu. RCD ikishika bila pampu, pampu inavuja umeme na haitengenezeki nyumbani. Usijaribu kuipitisha kwenye soketi nyingine isiyo na kinga.

Mdomo una upande mkavu. Ardhi imetulia baada ya mvua. Rudi kwenye pimamaji na vipande vya plastiki. Kwenye udongo wa mfinyanzi, tarajia kufanya hivi mara moja baada ya masika ya kwanza.

## Ukisafiri

Safari ya zaidi ya siku 4, chomoa plagi. Teka maji ya pipa hadi sakafu, fyonza ya mtungi kwa mpira, kausha kwa kitambaa. Viluwiluwi vinaweza kuwa mbu kamili ndani ya siku 7 hadi 10 kwenye joto letu, na pipa lililoachwa na maji hata nusu litawatosha. Funika mdomo wa mtungi kwa kipande cha wavu wa dirishani na ukifunge kamba shingoni, maana mvua moja inatosha kuujaza tena.